Niliyojifunza tulipoizuia ndoa ya mpwa wangu

Ninaandika maelezo haya kwa ajili ya wajomba, mashangazi, walimu na majirani ambao huenda siku moja wakapigiwa simu kama niliyopigiwa mimi, wakaambiwa kwamba binti wa ndugu yao anaozwa kabla hajamaliza shule, nao wasijue pa kuanzia. Mimi ni karani katika kampuni ndogo ya uwakala wa forodha hapa jijini Tanga, naishi Makorora, na kabla ya jambo hili kutufika nilikuwa nayajua mashirika yasiyo ya kiserikali kwa mabango yao ya barabarani na fulana zao za Siku ya Mtoto wa Afrika tu. Leo nayajua kwa namna nyingine. Sitataja jina la binti, la kijiji, wala la shirika lililotusaidia, kwa sababu binti mwenyewe bado yuko shuleni na ana haki ya kukua bila jina lake kuzunguka midomoni mwa watu.

Dada yangu ameolewa wilayani Pangani, ng'ambo ya mto, mahali ambapo ukitoka Tanga mjini unashuka Pangani, unavuka kwa kivuko hadi Bweni, kisha unapanda bodaboda. Alinipigia usiku, akiwa amejificha uani, sauti imeshuka kiasi kwamba nililazimika kumwomba arudie. "Kaka, mtoto ameshaposwa na mahari imeshaingia ndani. Baba yake amekwenda shuleni kuomba uhamisho." Mpwa wangu alikuwa na miaka 15, yuko kidato cha pili, na mtihani wa upimaji ulikuwa umekaribia. Habari ya posa ilinisikitisha, lakini iliyonishtua ni ya uhamisho, maana hapakuwa na shule yoyote aliyokuwa anahamia. Baadaye nilielezwa kwamba njia hiyo inajulikana: jina la binti linatolewa kwenye rejista, walimu wanaamini kuwa mtoto yuko mkoa mwingine, na anapoolewa hakuna anayeuliza. Ipo nyingine ya zamani zaidi, ambapo binti huagizwa na wazazi wake ajifelishe mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe kwenda sekondari. Mwenye binti nyumbani kwa ndugu afuatilie mambo hayo mawili, maana yanatangulia posa, na wakati mwingine ndiyo dalili pekee inayoonekana kwa mtu wa nje.

Shemeji yangu si mtu katili, na napenda hilo lieleweke mapema. Ni mvuvi. Alikuwa amekopa kwa tajiri mmoja anayenunua samaki, apate fedha za mashine ya boti, kwa masharti kwamba samaki wote atamuuzia yeye kwa bei anayoipanga yeye. Pepo za kusi ziliposhika bahari ikachafuka, siku za kutoka zikawa chache, na deni likakaa pale pale. Mposaji alikuwa jamaa wa tajiri huyo. Hakuna aliyetamka kwamba binti ndiye malipo, lakini kila mtu pale nyumbani alijua kwamba posa ikikataliwa mashine itachukuliwa. Nilichelewa kuelewa uzito wa jambo hilo, na wengi wanaoshughulikia ndoa za utotoni hawalifikii kabisa, kwa sababu wanapofika wanamkuta mzazi amesimama mbele na mila midomoni, na deni limesimama nyuma yake.

Ukoo ulitaka yamalizwe nyumbani, kama ilivyo desturi. Tulikaa barazani, wazee wakazungumza kwa zamu, na shemeji akasema kwa utulivu kwamba sheria ya nchi inamruhusu kumwoza binti wa miaka 15 maadamu yeye baba ameridhia. Hapakuwa na mtu wa kumjibu, maana kwa sehemu alikuwa na haki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inataja miaka 15 kuwa umri wa chini wa msichana kuolewa, mahakama inaweza kumruhusu hata aliye na miaka 14, na kifungu cha 17 kinahitaji ridhaa ya baba kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 18. Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alivipinga vifungu hivyo Mahakama Kuu, na Julai 2016 mahakama ikaamua kwamba vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Lakini hukumu ni jambo moja na kitabu cha sheria ni jambo jingine, na hadi mkasa wetu unatokea vifungu vilikuwa bado havijaandikwa upya. Habari za hukumu hazikuwa zimefika kijijini, habari za miaka 15 zilifika zamani.

Aliyenielekeza kwenye shirika ni jirani yangu, mama anayeuza vitenge Ngamiani, ambaye aliwahi kusaidiwa katika shauri la matunzo ya watoto. Nilimkuta msaidizi wa kisheria, mwanamke wa makamo, akiwa na kaunta buku lililojaa maandishi hadi pembezoni. Nilianza kumsimulia habari za ukoo, naye akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza maswali mawili ambayo sikuyategemea. La kwanza: "Baba, binti bado yumo kwenye rejista ya shule?" La pili: "Mwenyewe anasemaje?" La kwanza niliweza kulijibu. La pili lilinifunga mdomo, kwa kuwa katika mazungumzo yote ya barazani hakuna aliyekuwa amemwita binti na kumuuliza.

Swali la rejista lilikuwa na sababu. Sheria ya Elimu, kwa marekebisho ya mwaka 2016, ilipata kifungu cha 60A, ambacho kinakataza mtu yeyote kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo naye ana adhabu yake, faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka mitano, au vyote kwa pamoja. Kwa hiyo binti yule yule wa miaka 15, ambaye Sheria ya Ndoa inamwachia mlango wazi, akiwa mwanafunzi mlango huo unafungwa. Ndiyo maana uhamisho ulikuwa wa haraka kuliko hata harusi. Msaidizi wa kisheria alipiga simu shuleni saa ile ile, akazungumza na mwalimu wa malezi, akamwomba uhamisho usisainiwe mpaka shule iliyotajwa ithibitishe kwamba inampokea. Simu hiyo haikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai, nami naamini ndiyo iliyookoa kila kitu kilichofuata. Mtu asiyejua sheria angeanza na polisi, au na sheikh, au na ugomvi. Yeye alianza na rejista.

Kisha akaniagiza vielelezo. Binti hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na shemeji alikuwa ameanza kusema kwamba amefikisha miaka 18. Dada yangu akaitoa kadi ya kliniki sandukuni, imefungwa ndani ya kipande cha khanga, pembe moja imeliwa na mende, lakini tarehe ya kuzaliwa na uzito wa mtoto siku aliyozaliwa bado vinasomeka kwa wino wa bluu. Tuliitoa nakala Pangani mjini, na ya asili tukairudisha alikoitoa ili mume asijue. Rekodi za shule ya msingi nazo zilionesha mwaka ule ule wa kuzaliwa. Kwa mtu anayepita njia hii, kadi ya kliniki ina thamani kuliko maneno ya wazee kumi, na inafaa kunakiliwa kabla ugomvi haujawa wa wazi, kwa sababu ugomvi ukishawaka karatasi huwa za kwanza kupotea.

Hapo ndipo mambo yakaharibika. Kabla msaidizi wa kisheria hajapata nafasi ya kufika kwa afisa ustawi wa jamii, ndugu mmoja wa upande wetu alikwenda kwenye ofisi moja ya umma kutoa taarifa kwa nia njema. Aliambiwa kwamba hayo ni mambo ya kifamilia, akayamalize nyumbani, na kabla hajavuka mto kurudi, habari zilikuwa zimeshamfikia shemeji. Jioni hiyo binti akaondolewa nyumbani. Dada yangu alipopiga simu alikuwa analia tu. Sina maneno ya kueleza usiku ule. Nilikuwa nafikiri kwamba tumemharakishia mtoto ndoa badala ya kumwepusha nayo, na mke wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alikaa nami hadi alfajiri bila kuniambia nilale.

Aliyetufungua ni rafiki yake wa darasani. Shuleni kwao kulikuwa na klabu ya wasichana iliyoanzishwa na shirika lile, na katika klabu hiyo walikuwa wamefundishwa namba 116, ambayo ni Simu ya Huduma kwa Mtoto, isiyotozwa gharama, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali. Msichana yule aliazima simu ya mama yake akapiga, akaeleza kwamba mwenzake amepelekwa kwa shangazi katika kijiji cha jirani. Taarifa hiyo ikapelekwa kwa ustawi wa jamii wa wilaya, na kwa kuwa kufikia hapo msaidizi wa kisheria alikuwa ameshawasilisha kwao nakala ya kadi ya kliniki na barua ya shule, hawakuhitaji kuanza upya. Afisa ustawi alikwenda pamoja na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Walimkuta binti anasonga ukili kibarazani na wasichana wengine, ndoa bado haijafungwa. Mara nyingi nimesikia watu wakiyadharau mashirika kwa kugawa taulo za kike na kuanzisha klabu za shule, wakisema kwamba hizo ni kazi za kupigia picha. Klabu ile ndiyo iliyompa mtoto wa miaka 14 namba ya kupiga wakati sisi watu wazima tulikuwa tumeishiwa na mbinu.

Nilitarajia kwamba binti ataletwa kwangu. Haikuwa hivyo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kila uamuzi utazame maslahi bora ya mtoto, na afisa ustawi aliamua akae kwanza kwa familia ya kuaminika, yaani familia iliyochunguzwa na kuandaliwa na ustawi wa jamii kwa kazi hiyo, huku mambo yakitulia. Iliniuma sana. Niliona nimedhaniwa vibaya. Msaidizi wa kisheria alinieleza kwamba mimi ni upande mmoja wa mgogoro, na binti akilala nyumbani kwangu usiku ule, kesho yake kesi itageuka kuwa ya mjomba aliyempora mtu mtoto wake. Alikuwa sahihi. Maneno hayo yalisemwa kweli kijijini, na yalikosa nguvu kwa kuwa mtoto hakuwa kwangu. Katika mkoa wetu sijaona nyumba salama kama ile ya Masanga kule Tarime, ambako wasichana wanaokimbia ukeketaji hupokelewa, na kwa hiyo familia za kuaminika ni hazina kubwa. Ulizeni mapema kama kata yenu inazo.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya mtendaji wa kata. Nitakieleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapo nilijifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Walikuwapo mtendaji, afisa ustawi, mwalimu wa malezi, msaidizi wa kisheria, wazee wa pande zote mbili, jamaa za mposaji, na sheikh wa msikiti wa kijijini, ambaye shirika lilimwendea kabla, peke yake, kwa heshima, nyumbani kwake baada ya sala ya Alasiri. Msaidizi wa kisheria hakumfundisha dini. Alimwonesha karatasi mbili tu, barua ya shule na nakala ya kifungu cha 60A, akamweleza pia kwamba Sheria ya Ndoa inataka kusudio la ndoa litolewe taarifa siku 21 kabla, na kwamba mtu yeyote mwenye sababu anaweza kuweka pingamizi katika muda huo. Sheikh alisema kwamba aliambiwa binti ameshaacha shule. Kikaoni alisimama akasema wazi kwamba hatafungisha ndoa hiyo, na kwamba hakuna maalimu wa jirani atakayekubali bila kumuuliza yeye kwanza. Neno lake lilimgusa shemeji kuliko sheria zote zilizosomwa, na mashirika yanayofanya kazi pwani bila kuwatembelea masheikh yanajipunguzia nguvu bila sababu.

Kisha binti akaulizwa. Afisa ustawi aliwaomba wanaume wote tutoke nje, akabaki yeye, mwalimu na msaidizi wa kisheria. Tuliporudi, tulisomewa aliyoyasema, naye akayathibitisha kwa kutikisa kichwa: anataka kufanya mtihani wa kidato cha pili, hataki baba yake afungwe, na hataki kurudi nyumbani kabla ya harusi kufutwa mbele ya watu. Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi, anaizungusha polepole ukingoni, na hakuinua macho mpaka kikao kilipofungwa.

Ndoa ilikuwa bado haijafungwa na mtoto hakuwa ameguswa, kwa hiyo ustawi na polisi waliridhika na maandishi ya ahadi yaliyosainiwa na baba, mtendaji na mashahidi. Naomba hapa nieleweke vizuri. Ingekuwa binti ameshaolewa, au ameingiliwa, hakuna kikao cha ukoo wala cha kata chenye mamlaka ya kulimaliza jambo hilo. Hapo ni polisi, fomu yao ya matibabu iitwayo PF3, na hospitali, tena ndani ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazifai baada ya muda huo. Nimeshuhudia familia nyingine, si mbali na kwetu, ikipokea fedha na mbuzi kwa jambo la namna hiyo, na hakuna aliyemuuliza mtoto.

Sasa gharama, ambazo watu hawapendi kuzitaja. Huduma ya msaidizi wa kisheria ilikuwa bure, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ndiyo inayowatambua watu hawa na kuwasimamia, kwa hiyo akitokea anayekudai ada ya kufungua jalada, mtilie shaka. Lakini nauli, kivuko, bodaboda, nakala, chakula cha mashahidi na siku za kazi nilizokosa mshahara vilitoka mfukoni mwangu. Mahari ilikuwa shilingi laki saba, na zaidi ya nusu ilikuwa imeshaingia kwenye deni la mashine. Jamaa za mposaji walitaka irudishwe yote kikaoni. Tulichangishana, upande wa dada yangu na upande wa shemeji, na mama yangu mzee aliuza mbuzi wake wawili. Shirika halikutoa hata senti katika hilo, na lilitueleza tangu mwanzo kwamba halitatoa. Wakati ule niliona ni ukali. Siku hizi naona kwamba lingeanza kulipa mahari za watu, lingekuwa limejitangazia mnada.

Deni lilibaki. Tajiri hakuichukua mashine, lakini aliteremsha bei ya samaki wa shemeji kwa muda mrefu, na nyumbani kwa dada yangu walipitia kipindi cha kula mihogo mchana na usiku. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya shirika na shirika. Lile lililotusaidia liliendelea kuja. Lilimwingiza dada yangu katika kikundi cha hisa cha wanawake, akaanza kukausha dagaa na kuwauzia wafanyabiashara wa Tanga, na kwa fedha za kikundi hicho mumewe akaanza kumpunguzia tajiri deni. Nasema kwa uhakika kwamba bila kikundi kile, posa nyingine ingekuja, ya huyu au ya mdogo wake, kwa kuwa nyumba ina mabinti wawili. Kumlinda msichana na kumwacha mama yake bila kipato ni kazi ya nusu, na mzazi anayezungumza na shirika lolote aulize swali hilo: mkishamrudisha mtoto shuleni, nyumba yenyewe mtaifanyia nini?

Shirika jingine lilikuja baada ya habari kuenea. Lilitaka binti azungumze kwenye kipaza sauti tarehe 11 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike, akiwa amevaa sare za shule, mbele ya wageni na kamera. Waliahidi begi, madaftari na posho ya mzazi. Dada yangu alikuwa karibu kukubali, maana madaftari yalikuwa yanahitajika kweli. Msaidizi wa kisheria alitushauri tuwaulize watu hao picha hizo zitakaa wapi, kwa miaka mingapi, na binti akitaka ziondolewe atamwendea nani. Hawakuwa na majibu, tukakataa. Binti yule atatafuta kazi siku moja, ataolewa kwa hiari yake siku moja, na hastahili kukutana na sura yake ya miaka 15 kwenye bango la mtu.

Elimu ya sekondari katika shule za Serikali, hadi kidato cha nne, haina ada tangu mwaka 2016, na watu wa mjini hudhani kwamba hapo gharama zimekwisha. Hosteli, chakula, sare, viatu, taa ya kusomea na nauli za likizo bado zipo, na mpwa wangu alilazimika kukaa hosteli kwa kuwa njia ya kwenda shule inapita kwenye maduka ya watu wa mposaji. Shirika lililipa hosteli kupitia mradi mmoja. Akiwa kidato cha tatu, katikati ya muhula, mradi ukaisha. Waliniambia kwa masikitiko ya kweli, lakini uliisha hata hivyo, na mlezi wa hosteli hakuwa na sababu ya kusubiri. Nilikopa kazini. Yeyote anayepokea ufadhili aombe tangu siku ya kwanza barua inayotaja tarehe ya mwisho wa fedha hizo, kisha aanze kuweka akiba kuelekea tarehe hiyo hata kama ni kidogo. Vilevile aombe kuona cheti cha usajili wa shirika na kujua kama halmashauri inalitambua. Afisa maendeleo ya jamii anaweza kukueleza, na shirika la kweli halitachukia kuulizwa.

Kuhusu binti mwenyewe, nilidhani kwamba akisharudi darasani furaha itarudi. Alinyamaza kwa miezi. Alimwambia mwalimu wa malezi kwamba yeye ndiye aliyewafanya wazazi wake wale mihogo. Mwanasihi wa shirika alikuwa akimtembelea hosteli, hawazungumzi sana, wanafua nguo pamoja au wanasukana nywele, na polepole akaanza kusema. Sikujua kwamba kuna watu wanaosomea kazi hiyo. Katika familia yetu tulimletea nasaha, na nasaha zetu zote zilianza kwa kumkumbusha tulivyohangaika kwa ajili yake, jambo ambalo mwanasihi alituomba tuliache, nasi tukaliacha.

Mwaka huu yuko kidato cha nne. Baba yake alikaa muda mrefu bila kuzungumza nami. Idd iliyopita aliniletea kapu la ngisi hadi Makorora, tukala pamoja, tukazungumza habari za bahari na bei ya mafuta ya boti. Hosteli ya muhula ujao tunailipa kwa sehemu tatu: mimi, kikundi cha dada, na yeye shemeji, ambaye sehemu yake ameitoa kabla ya sisi wengine.

Wapo ambao kwao nimechelewa kuandika, ambao binti ameshatoka shuleni au ana mtoto mgongoni. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu mwanafunzi aliyekatisha masomo kwa sababu yoyote, ikiwamo ujauzito, arudi katika mfumo rasmi, na mkuu wa shule anapaswa kuujua. Asiyetaka kurudi kwenye sare anaweza kwenda Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambako shirika la Karibu Tanzania Organization, kwa kushirikiana na vyuo hivyo, linawapokea mabinti waliokatiza masomo wasome sekondari pamoja na ufundi, na vyuo kadhaa vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Kwetu mkoani Tanga kipo cha Handeni. Binti wa jirani ya dada yangu, aliyezaa akiwa na miaka 16, anataka kusoma ushonaji huko. Fomu zake tumeshazijaza, kadi yake ya kliniki tumeinakili, na wiki ijayo namsindikiza kwa afisa maendeleo ya jamii.